Kuhesabu seti za kromosomu, kutoka seli ya mwili hadi seli ya uzazi: mwongozo kamili kwa uzi, kitunguu na mgomba

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne swali hili kabla hajafungua daftari: seli ya binadamu ikimaliza mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi (mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi), kila seli inayopatikana ina kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba jeni, ngapi? Darasa la twisheni hapa Moshi hugawanyika mara tatu. Wapo wanaosema 46, kwa hoja kwamba mgawanyiko wa pili bado. Wapo wa 92, kwa kuwa DNA imeshanakiliwa. Na wapo wa 23, ambao ndio waliopata, ila ukiwauliza kwa nini, wengi hujibu kwamba ndivyo kitabu kilivyoandika.

Ugumu wa mada hii hauko kwenye majina ya hatua. Profezi, metafezi, anafezi, telofezi: hayo mtu hukariri kwa jioni moja. Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna hesabu mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni seti ngapi za kromosomu zimo ndani ya seli. Nyingine ni kila kromosomu ina nakala ngapi. Hesabu hizi hazipandi wala hazishuki kwa wakati mmoja, na ukizishika kama kitu kimoja utapotea tu. Hapa tutazifuata zote mbili, kwanza mezani, halafu kwenye hadubini, halafu kwa mazao ya huku kwetu, ambayo yana tabia ya kuvunja kanuni ambazo daftari la shule huziandika kwa wino mwekundu.

VIFAA

Tafuta uzi wa kufumia wa rangi mbili, nyekundu na bluu. Duka lolote la vifaa vya cherehani linao. Tafuta pia vibanio vya nguo vinane, mkasi, na chaki au karatasi kubwa ya kuchorea duara.

Kata nyuzi nne nyekundu na nne za bluu. Katika kila rangi, mbili ziwe ndefu, kama sentimita 20, na mbili ziwe fupi, kama sentimita 10. Nyekundu zimetoka kwa mama, bluu zimetoka kwa baba.

Kibanio kinasimama mahali pa sentromia, ile sehemu inayoshikilia kromosomu na ambayo nyuzi za kuvuta hujishika wakati wa mgawanyiko. Kuanzia sasa hadi mwisho, idadi ya kromosomu ni idadi ya vibanio. Idadi ya nyuzi inakuonyesha kiasi cha DNA. Ukibishana na mwenzako, hesabuni vibanio.

HATUA YA 1: PANGA SELI KABLA HAIJANAKILI

Chora duara. Ndani yake weka uzi mmoja mwekundu mrefu, mmoja wa bluu mrefu, mmoja mwekundu mfupi na mmoja wa bluu mfupi, kila uzi na kibanio chake. Una vibanio vinne na nyuzi nne. Hiyo ni seli ya mwili ya kiumbe ambacho 2n yake, yaani idadi ya kromosomu katika seli ya mwili, ni 4.

Sasa angalia rangi. Nyekundu ndefu na nyekundu fupi kwa pamoja ni seti moja kamili. Bluu mbili ni seti ya pili. Nyekundu ndefu na bluu ndefu ni wenza: zimebeba jeni za sifa zile zile kwa mpangilio ule ule, ingawa taarifa ndani ya jeni moja moja inaweza kutofautiana. Mama anaweza kuwa ametoa jeni ya kundi la damu A na baba ya kundi B, lakini zote mbili zinakaa mahali pamoja kwenye kromosomu ya namba 9.

Kwa binadamu seti moja ina kromosomu 23, yaani 22 za kawaida na moja ya jinsia. Seti mbili zinafanya 46. Idadi hii haikujulikana kirahisi. Kwa zaidi ya miaka 30 dunia nzima iliamini kwamba ni 48, kutokana na hesabu iliyotolewa miaka ya 1920 na Theophilus Painter wa Marekani. Ilirekebishwa mwaka 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan walipochapisha kazi waliyoifanya Lund, Sweden. Hawakuwa na macho makali kuliko watangulizi wao. Walipata tu namna bora ya kuzitawanya kromosomu ili zisilaliane juu ya kioo. Ukifika kwenye hatua ya hadubini utawaelewa wale waliohesabu 48.

HATUA YA 2: NAKILI DNA

Kabla ya mgawanyiko wowote, uwe mitosisi (ule wa kuongeza seli za mwili) au meiosisi, seli hunakili DNA yake mara moja. Chukua nyuzi nne zilizobaki. Kila uzi uweke kando ya ule wa rangi yake na urefu wake, uzibane zote mbili kwa kibanio kile kile kilichokuwepo. Sasa una nyuzi nane na vibanio vinne. Kila uzi katika hali hii unaitwa kromatidi.

"Mwalimu, si zimekuwa nane?" Swali hili huja kila mwaka, na huja hapa hapa. Hapana, bado ni nne. Nyuzi mbili zilizo chini ya kibanio kimoja ni nakala ya kitu kile kile, na kunakili kitu hakuongezi seti. Seti bado ni mbili, nyekundu na bluu. Kwa binadamu, kromosomu ni 46 na kromatidi ni 92.

Binafsi ningetumia nusu ya kipindi kwenye hatua hii peke yake. Ile picha ya kromosomu yenye umbo la X inayopamba kila kitabu inawapoteza wengi, kwa sababu wanadhani X ile ni jozi ya wenza, upande mmoja mama na upande mwingine baba. Sivyo. X nzima ni kromosomu moja iliyokwisha kunakiliwa, rangi moja tupu. Mwenza wake ni X nyingine iliyo mahali pengine ndani ya kiini.

HATUA YA 3: MITOSISI

Panga kromosomu zako nne katikati ya duara, moja moja katika mstari. Nyekundu ndefu haina habari na bluu ndefu iko wapi. Sasa fungua kila kibanio, vuta uzi mmoja upande huu na wa pili upande ule, na kila uzi uupe kibanio chake.

Hesabu kabla hujaligawa duara. Vibanio ni vinane. Katika anafezi ya mitosisi, yaani hatua hii ya kuvuta, idadi ya kromosomu huongezeka maradufu kwa muda mfupi, na kwa binadamu zinafika 92 ndani ya seli moja. Watunga mitihani wanaipenda sana dakika hiyo. Kisha gawa duara mara mbili: vinne huku, vinne kule, kila upande nyekundu mbili na bluu mbili. Seti mbili zimeingia, seti mbili zimetoka.

Ndivyo ngozi inavyojiziba ukijikata, ndivyo uboho unavyotengeneza damu, na ndivyo chipukizi la mgomba linavyokua pembeni mwa mama yake. Seli mama zilizo ndani ya korodani nazo hujiongeza kwa mitosisi na zina seti mbili, kwa hiyo usiandike kwamba kila seli ya korodani ina kromosomu 23. Na ukikutana na swali la mtego, kumbuka kwamba chembe nyekundu za damu ya binadamu zikikomaa hazina kiini kabisa, na baadhi ya seli za ini zina seti nne.

HATUA YA 4: MEIOSISI YA KWANZA

Rudisha seli kama ilivyokuwa mwisho wa Hatua ya 2: vibanio vinne, nyuzi nane. Usianze na seli ambayo haijanakili. Hata seli inayokwenda kutoa yai au mbegu ya kiume hunakili DNA yake kwanza, na wanafunzi wengi huiruka sehemu hii kwa kudhani kwamba kupunguza maana yake ni kutonakili.

Sasa fanya jambo ambalo mitosisi ya kawaida haifanyi. Lete nyekundu ndefu ilale sambamba na bluu ndefu, na nyekundu fupi ilale sambamba na bluu fupi. Wenza wamekutana.

Wakiwa wamelala hivyo, chukua mkasi. Kata ncha ya uzi mmoja mwekundu na ncha ya uzi wa bluu ulio karibu nao, urefu sawa, ubadilishane vipande na ufunge mafundo. Sasa una kromatidi nyekundu yenye ncha ya bluu, na ya bluu yenye ncha nyekundu. Idadi ya vibanio haijaguswa. Kwa hesabu ya seti, kubadilishana vipande hakuongezi wala hakupunguzi chochote. Lakini kuna kazi mbili kubwa: kunachanganya jeni za babu na bibi katika kromosomu moja, na zile sehemu za maungio huwashikilia wenza pamoja mpaka saa ya kutengana ifike. Wenza wasioshikamana vizuri hutengana ovyo, na hilo tutalikuta tena Hatua ya 7.

Panga jozi mbili katikati ya duara, mwenza mmoja akitazama kaskazini na mwingine kusini. Kisha vuta. Usifungue kibanio hata kimoja. Kinachotengana hapa ni wenza, siyo nakala.

Hesabu. Kila upande una vibanio viwili na nyuzi nne. Nusu imepatikana hapa, kwenye mgawanyiko wa kwanza, hata kabla ya mgawanyiko wa pili kufikiriwa. Kromosomu zimeshuka kutoka nne hadi mbili, na seti zimeshuka kutoka mbili hadi moja. Kwa binadamu ni 46 hadi 23, kila moja ikiwa na kromatidi mbili. Wale wa kundi la 46 walihesabu nyuzi.

Usiondoke hapa bado. Angalia rangi zilizoangukia kila upande. Huenda upande mmoja umepata nyekundu ndefu pamoja na bluu fupi. Je, hiyo ni seti? Ndiyo. Seti haihitaji kutoka kwa mzazi mmoja, inahitaji kila aina ya kromosomu iwepo mara moja. Geuza jozi moja kichwa chini uvute upya, utapata mchanganyiko mwingine. Kwa jozi mbili kuna michanganyiko minne inayowezekana. Kwa jozi 23 za binadamu ni 2 kwa kipeo cha 23, yaani 8,388,608, na hapo bado hujahesabu vile vipande vilivyobadilishana. Watoto saba wa nyumba moja kule Marangu wanaweza wasifanane hata wawili, na mama asiulizwe maswali.

HATUA YA 5: MEIOSISI YA PILI

Hakuna kunakili katikati. Chukua kila seli yenye vibanio viwili, panga kromosomu moja moja, fungua vibanio, vuta kama ulivyofanya kwenye mitosisi. Unapata jumla ya seli nne, kila moja ikiwa na vibanio viwili na nyuzi mbili. Mgawanyiko wa pili umepunguza DNA tu. Seti ilikuwa moja na imebaki moja.

Kwa binadamu, hesabu nzima inakaa hivi. Inakili kwenye daftari lako, kisha ujaribu kuiandika upya bila kutazama:

Seli ya mwili kabla ya kunakili: kromosomu 46, kromatidi hazijatengenezwa (nyuzi 46), seti 2.
Baada ya kunakili: kromosomu 46, nyuzi 92, seti 2.
Anafezi ya mitosisi, seli nzima: kromosomu 92, nyuzi 92, seti 4 kwa muda.
Kila seli baada ya mitosisi: kromosomu 46, nyuzi 46, seti 2.
Anafezi ya kwanza ya meiosisi, seli nzima: kromosomu 46, nyuzi 92, seti 2.
Kila seli baada ya meiosisi ya kwanza: kromosomu 23, nyuzi 46, seti 1.
Anafezi ya pili ya meiosisi, kila seli: kromosomu 46, nyuzi 46, seti 2 kwa muda.
Kila seli baada ya meiosisi ya pili: kromosomu 23, nyuzi 23, seti 1.

Mstari wa sita ndio jibu la lile swali la mwanzo.

HATUA YA 6: TOFAUTI YA MWANAMUME NA MWANAMKE

Kwa mwanamume kazi inaanza wakati wa balehe na haisimami. Kila seli iliyoingia meiosisi inatoa mbegu nne, zote zenye kromosomu 23.

Kwa mwanamke mambo ni ya ajabu zaidi, na vitabu vya shule huyapita kwa haraka. Seli za mayai huanza meiosisi ya kwanza mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake. Wenza hukutana, hubadilishana vipande, kisha kila kitu husimama. Msichana anazaliwa na seli zilizokwama hapo, zikiwa na kromosomu 46 na kromatidi 92 kila moja. Baada ya kuvunja ungo, kila mwezi kwa kawaida moja humalizia mgawanyiko wa kwanza muda mfupi kabla yai halijatoka. Mgawanyiko huo hauko sawa: seli moja kubwa hubaki na karibu chakula chote, na nyingine ndogo sana hutupwa pembeni. Ile kubwa huanza mgawanyiko wa pili na kusimama tena katikati.

Kwa hiyo yai linalosubiri mbegu lina kromosomu 23, lakini nyuzi zake ni 46. Humaliza mgawanyiko wa pili mbegu ikishaingia tu. Ikiwa haikuingia, halimalizi kamwe. Kisha 23 za yai na 23 za mbegu zinafanya 46, na mitosisi inachukua kazi.

HATUA YA 7: KOSEA KWA MAKUSUDI

Rudia Hatua ya 4, ila safari hii jozi ndefu ikatae kutengana. Vuta nyekundu ndefu na bluu ndefu zote upande mmoja. Una seli yenye vibanio vitatu na seli yenye kibanio kimoja. Endelea na mgawanyiko wa pili: gameti (seli za uzazi) mbili zina tatu, mbili zina moja moja. Hakuna iliyo sawa. Sasa rudia, meiosisi ya kwanza iende vizuri, ukosee kwenye ya pili katika seli moja tu: unapata gameti zenye 3, 1, 2 na 2. Nusu zimepona.

Kwa binadamu, gameti yenye 24 ikikutana na ya 23 inatoa mtoto mwenye kromosomu 47. Ikiwa ya ziada ni ile ya namba 21, mtoto ana hali ya Down. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1959 huko Ufaransa na Jérôme Lejeune pamoja na wenzake Marthe Gautier na Raymond Turpin. Kromosomu za ziada za namba nyingine nyingi huishia kwenye mimba kuharibika mapema. Msichana aliyezaliwa na X moja tu ana 45. Mara nyingi kosa la namba 21 hutokea kwenye yai, na uwezekano wake unapanda kadiri umri wa mama unavyopanda, kwa kuwa zile jozi zimekaa zimeshikamana tangu yeye mwenyewe akiwa tumboni. Anayemwambia mama kwamba ni laana, au kwamba ametembea vibaya akiwa mjamzito, hajui anachosema.

HATUA YA 8: ONA KWA MACHO, KWA MZIZI WA KITUNGUU

Kitunguu maji kina kromosomu 16 katika seli za mwili, na ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya shule. Kitunguu cha Mang'ola kinafaa, na sokoni hakikosekani.

Kwangua mizizi mikavu ya zamani chini ya kitunguu bila kuumiza kitako. Kikalishe juu ya glasi ya maji, kitako kiguse maji tu, tumbo libaki juu lisije likaoza. Badilisha maji kila siku. Mizizi myeupe hutoka baada ya siku chache. Kwa baridi ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba itakawia, hivyo weka mahali penye joto kidogo.

Mizizi ikifika sentimita moja au mbili, kata ncha asubuhi na uzitumbukize kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu tatu na asidi asetiki kali sehemu moja, zikae usiku kucha. Mchanganyiko huu unaziua seli ghafla na kuziacha katika hatua ziliyokuwamo. Kesho yake zihamishie kwenye asidi hidrokloriki ya molari 1 yenye joto la nyuzi 60 kwa dakika tano hivi, ili gundi inayoshikanisha seli ilegee. Bika la maji ya moto na kipimajoto vinatosha, huhitaji mashine. Vaa glavu na miwani. Anayetayarisha asidi awe mwalimu au fundi wa maabara, na asidi imiminwe kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi.

Suuza kwa maji. Kata milimita mbili za mwisho, zile nyeupe nzito, utupe zinazobaki. Wanafunzi wengi hutupa ncha na kubaki na shina la mzizi, kisha wanalalamika kwamba hawaoni kitu. Seli zinazogawanyika zimo kwenye ncha tu. Weka tone la rangi, asetokamini au asetoorseini au toluidini bluu, chochote ambacho maabara yenu inacho, usubiri dakika chache. Tawanya kwa sindano, funika kwa kioo chembamba, weka karatasi ya kunyonya juu yake na ubonyeze kwa kidole gumba, wima, bila kusokota.

Anza na ukuzaji wa mara 100 kutafuta eneo lenye seli za mraba, kisha mara 400. Seli nyingi mno zitakuwa na kiini cha mviringo kilichotulia. Usikate tamaa, sehemu kubwa ya maisha ya seli ni hiyo. Tafuta zile zenye vijiti vyeusi vilivyopangana katikati, na zile zenye makundi mawili yanayokimbiana. Ukipata anafezi nzuri, jaribu kuhesabu kundi moja: inapaswa kuwa 16. Huenda ukapata 14 au ukakata shauri kwenye 17, kwa kuwa zinalaliana. Wataalamu hutumia kolchisini kuzizuia zisivutwe ili zitawanyike, ila hiyo ni sumu, isikaribie maabara ya shule.

Meiosisi huwezi kuiona kwenye mzizi, hata ukitafuta mpaka jioni. Hiyo inahitaji vifuko vichanga vya chavua vya ua ambalo halijachanua, kwa mfano mbelewele ya mahindi ikiwa bado imefichwa ndani ya majani. Kupata umri sahihi ni kubahatisha, na ningeiacha kwa wa kidato cha sita.

HATUA YA 9: MAZAO YA HUKU KWETU

Kufikia hapa umezoea kwamba seli ya mwili ina seti mbili. Shambani mambo hayako hivyo kila mara.

Mahindi yana kromosomu 20 kwenye seli za mwili, 10 kwenye gameti. Lakini sehemu ya wanga ya punje hutokana na mbegu ya kiume kuungana na viini viwili vya upande wa kike, hivyo ina seti tatu, kromosomu 30. Sembe unayosongea ugali karibu yote ni tishu ya seti tatu. Kiini cha mche, kile ambacho dona hubaki nacho na sembe huondolewa, ndicho chenye 20.

Nyuki dume anatoka kwenye yai ambalo halikurutubishwa. Ana seti moja tu, kromosomu 16, mwili mzima, wakati malkia na nyuki kazi wana 32. Dume huyo akitengeneza mbegu hana cha kupunguza, na mbegu zake zinatoka na 16 zile zile.

Kahawa inahitaji umakini. Arabika iliyopandwa kwenye vihamba vya Kilimanjaro ina kromosomu 44, wakati robusta ina 22. Arabika ilitokana na spishi mbili za kahawa zilizochanganyika zamani, hivyo ina seti nne za kromosomu 11. Gameti yake ina 22, na hizo 22 ni n yake, ingawa ndani yake mna seti mbili za msingi. Herufi n ni idadi iliyomo ndani ya gameti. Seti ya msingi huandikwa x. Kwa binadamu n na x ni kitu kimoja, 23, ndiyo maana shuleni hakuna anayetofautisha. Kwa arabika n ni 22 na x ni 11.

Kisha mgomba. Seti moja ya ndizi ina kromosomu 11. Ndizi mwitu zina 22 na zimejaa mbegu ngumu. Ndizi nyingi zinazolimwa, pamoja na mzuzu na zile za kupika za Bukoba, zina 33, yaani seti tatu. Nunua uzi wa rangi ya tatu urudie Hatua ya 4. Kila aina ya kromosomu sasa ina wenza watatu, na lazima mmoja aende upande huu na wawili upande ule. Kwa aina 11, kila moja ikiamua kivyake, uwezekano wa upande mmoja kupata 11 kamili na mwingine 22 kamili ni mmoja kati ya 1,024. Zinazobaki zote ni gameti zenye idadi isiyoeleweka, na mbegu haifanyiki. Tunda linakua bila mbegu, na mgomba unaongezwa kwa machipukizi, kwa mitosisi tupu.

Mchare, ile inayopikiwa mtori Moshi na Arusha, ina 22, seti mbili, na bado haina mbegu. Idadi yake ni sawa kabisa. Shida ni kwamba seti zake zimetoka kwa mababu tofauti na vipande vya kromosomu vimehamishwa mahali, hivyo wenza wakikutana hawalingani vizuri na gameti nzuri ni chache. Tunda lenyewe hukua bila kusubiri kurutubishwa. Kwa kuwa machipukizi yote ni nakala, mnyauko wa fuzari ukiingia kihambani hauchagui shina.

Wataalamu wa IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki) walioko Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, wanaizalisha mchare kwa kuichavusha kwa mkono ili wapate zile mbegu chache zinazotokea. Na uchunguzi wa jeni umeonyesha undugu ambao muuza ndizi wa Mbuyuni hauwazi: Cavendish inayojaza masoko ya Ulaya imepata sehemu kubwa ya kromosomu zake kutoka ukoo wa mchare. Gameti ya ukoo huo iliruka upunguzaji ikatoka na 22 badala ya 11, ikakutana na gameti ya kawaida ya ndizi nyingine yenye 11. Ifanye kwa vibanio: panga wenza, usiwatenganishe, fanya mgawanyiko wa pili tu, kisha ongeza seti moja ya rangi ya tatu. Utapata 33.